Sastrugi: mwongozo kamili wa kusoma na kupima matuta ya theluji yanayochongwa na upepo

Ukifika ncha za dunia mara ya kwanza unaona uwanja mweupe tu hauna kitu, afu ukianza kutembea ndo unagundua ule uwanja si uwanja, ni matuta matupu, magumu kama saruji, mengine ya kifundoni mengine ya kifuani, na yote yamelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Hayo ndo sastrugi. Neno ni la Kirusi, limebaki hivyo hivyo karibu kwenye kila lugha, na sisi tutalitumia hivyo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutoka nje na dira, rula na daftari akarudi na data ambayo mwingine ataiamini. Kuna jambo moja likukae kichwani kabla ya yote: tuta halikwambii upepo wa leo. Linakwambia upepo wa siku ile lilipochongwa, na siku hiyo inaweza kuwa jana usiku au miezi mitatu nyuma. Makosa mengi ninayoyaona kwenye madaftari ya kazi ya nje yanaanzia hapo, mtu anasimama juu ya tuta, upepo unampiga shavuni, anaandika mwelekeo wa shavu lake badala ya mwelekeo wa tuta.

Kabla hujapima, ujue unaangalia nini

Nitatumia maneno mawili ya mabaharia maana yanatuokolea sentensi nyingi. Goshini ni upande upepo unakotokea, demani ni upande upepo unakoelekea. Ukiyashika haya mawili umeshafika nusu ya safari.

Matuta ya theluji yana koo mbili kubwa. Kuna ya kurundikwa na kuna ya kuchongwa. Theluji kavu iliyotoka kudondoka inaanza kusukumwa upepo ukifika mita 4 mpaka 11 kwa sekunde, kwa wastani kama 8 hivi, inategemea baridi na theluji imekaa muda gani. Chembe zinaruka-ruka juu ya uso, zinagonga wenzake, nao wanaruka, na baada ya muda zinajikusanya kwenye marundo. Rundo maarufu ni barkani, lile lenye umbo la mwezi mchanga kama ya jangwani, pembe zake mbili zimeelekea demani na mteremko wake mkali pia uko demani. Hilo ni tuta la kurundikwa, na bado ni laini, linatembea, ukilikanyaga mguu unazama.

Sasa upepo ukitulia masaa kadhaa kinatokea kitu cha ajabu kidogo. Zile chembe zimeshavunjwa vunjwa na kugongana mpaka zimekuwa ndogo na duara, zimepangana karibu karibu, na zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe bila hata kuyeyuka, baridi ikiwa kali hivyo hivyo. Rundo linakuwa gumu. Upepo mkali ukirudi hauwezi tena kulibeba, kwa hiyo unalichonga, na unatumia chembe zinazoruka kama msasa. Unaanza kula upande wa goshini maana ndo unaoupokea, tabaka laini la chini linaliwa haraka, tabaka gumu la juu linabaki limening'inia kama ulimi au kama fuawe ya mhunzi. Nyuma yake, demani, mwili unachongoka taratibu mpaka unaisha kama mkia. Hapo ndo umepata sastrugi.

Umeona mtego? Barkani ina ukali wake demani, sastrugi ina ukali wake goshini. Ni kinyume kabisa. Mtu akichanganya hizi mbili anakosea kwa digrii 180 nzima, na hata hajui kama amekosea maana matuta yake yote yanakubaliana vizuri tu! Mimi mwenyewe siku moja nilijaza kurasa tatu nzima nikiwa na furaha jinsi data ilivyonyooka, kumbe nusu ya matuta yalikuwa barkani zilizoanza kugandamana, ikabidi turudi kesho yake na kwa bahati hapakuwa pamevuma.

Kuna vitu vingine utakutana navyo. Vijimistari vidogo vya sentimita chache vinavyokaa kukingama upepo, hivyo vinaundwa na kufutika ndani ya masaa. Kuna migongo mirefu iliyoviringika kama mgongo wa nyangumi, hiyo mingi ni ya kurundikwa. Kuna vishimo na ngazi ngazi ambapo uso umeanza kuliwa lakini bado haujawa tuta. Na kuna vile vyembe virefu vya theluji vinavyosimama wima kama umati wa watu, maarufu kule milima ya Andes, hivyo usiviweke kabisa kwenye daftari la upepo, ile ni kazi ya jua. Mashariki mwa Antaktika kuna mawimbi makubwa mno, kilele mpaka kilele kilomita 2 mpaka 6 na kimo cha mita chache tu, yametawanyika kwenye eneo la kama kilomita za mraba 500,000, lakini hayo huwezi kuyaona kwa macho ukiwa umesimama juu yake, ni ya setilaiti.

Mahali gani utayapata

Antaktika ndo nyumbani kwake. Hewa ya juu ya uwanda inapoa, inakuwa nzito, inateremka kuelekea pwani kama maji yanavyoteremka mlimani, na ardhi ikiwa imeinama upepo haubadilishi mawazo, unatoka upande ule ule wiki nzima. Hiyo inaitwa pepo za katabatiki. Kule Cape Denison, pwani ya George V Land huko huko Antaktika, msafara wa mpelelezi wa Australia Douglas Mawson wa 1911 mpaka 1914 ulikaa sehemu ambayo wastani wa upepo kwa mwaka ni kama kilomita 70 au 80 kwa saa. Wastani jamani, si dhoruba. Kwenye miteremko ya namna hiyo matuta ya mita moja mpaka mbili si hadithi.

Juu kabisa kwenye vilele vya uwanda, kama Dome C kwenye mita 3,233, upepo ni dhaifu na matuta ni madogo na yamekaa ovyo zaidi. Ncha ya Kusini yenyewe iko katikati ya hali hizo mbili. Greenland ina yake, na barafu ya bahari ya Aktiki ina yake ila huko kuna shida, kipande cha barafu kinaweza kuzunguka na matuta yake, kwa hiyo mwelekeo ulioupima leo si lazima uwe mwelekeo wa siku tuta lilipochongwa. Ukifanya kazi juu ya barafu inayoelea andika pia kipande kimezunguka kiasi gani, la sivyo usipime mwelekeo, pima maumbo tu.

Vitu vya kubeba

Dira yenye kioo, na hakikisha imetengenezwa kwa ajili ya nusu ya dunia uliyopo. Sindano ya dira ya kaskazini ukiipeleka kusini kabisa inainama na kukwaruza chini, inakudanganya bila kelele. Rula ya mita moja au fito ya kuchokolea theluji yenye alama za sentimita. Kamba ya mita 50 yenye alama kila mita 5. Kipimo cha mteremko. Kipima upepo cha mkononi. Kipimajoto cha spiriti au cha elektroniki, achana na zebaki maana inaganda karibu na nyuzi 39 chini ya sifuri. Kikombe cha kukatia theluji cha ujazo wa sentimita 100 za mchemraba pamoja na mizani. Koleo. Penseli, sio kalamu, wino unaganda. GPS. Kamera na betri za akiba, na hizo betri zikae ndani ya nguo karibu na mwili, betri ikipoa inajifanya imekufa, ukiipasha inafufuka. Kwa vifaa vinavyotumia betri ndogo za duara, chukua za lithiamu za kutupa, zinavumilia baridi kuliko za kawaida.

Funga kila kitu na kamba. Glovu ikipeperuka kwenye upepo wa mita 15 kwa sekunde huikimbizi, unaiaga.

Usalama, bila hotuba

Kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa ngozi iliyo wazi inaonja kama nyuzi 46 chini ya sifuri, na kazi hii inakutaka uvue glovu kila dakika, ndo shida yake. Vaa glovu nyembamba ndani ambazo hazivuliwi, na mwenzako akuangalie pua na mashavu, ukiona doa jeupe kazi imesimama. Miwani myeusi hata kukiwa na mawingu. Nyufa za barafu zinafunikwa na theluji ile ile unayoipenda, kwa hiyo mahali ambapo hapajakaguliwa hutembei bila kamba na bila mtu anayejua, na matuta yaliyopangana vizuri si ushahidi kwamba chini ni salama. Svalbard, visiwa vya Norway kule Aktiki, ukitoka nje ya makazi lazima uwe na kitu cha kufukuzia dubu. Antaktika, itifaki ya mazingira ya 1991 inahusu kila anayefika, uwe na kibali na uchafu wako urudi nao, pamoja na vile vijiti vya mianzi ulivyochomeka.

Hatua ya 1: chagua eneo kabla macho hayajachagua tuta

Hapa ndo watu wanaharibu kazi mapema. Unatembea, unaona lidude la mita moja na nusu limening'inia vizuri, unalipima, unalipiga picha, unatafuta lingine kama hilo. Mwisho wa siku data yako inasema matuta ya eneo lile yana wastani wa mita moja, wakati ukweli ni sentimita 20. Macho yanapenda majitu.

Fanya hivi. Simama mbali na majengo, magari, mahema, na alama za pikipiki za theluji, kwa umbali wa mita mia kadhaa kuelekea goshini, maana jengo linatengeneza marundo yake demani marefu kuliko unavyodhani. Angalia kwa macho matuta yamelala vipi, afu tandaza kamba yako ya mita 50 ikikingama matuta, sio kufuatana nayo. Kila alama ya mita 5, pima tuta lililo karibu zaidi na alama, liwe zuri au baya, dogo au kubwa. Ukikuta hakuna tuta ndani ya mita 2 andika "hakuna", hiyo nayo ni data. Kamba moja inakupa matuta kama 11. Weka kamba tatu sehemu tofauti, unapata thelathini na kitu, inatosha kwa kuanzia.

Na kabla hujagusa chochote, hesabu mara ngapi kamba inavuka kilele cha tuta. Mita 50 ukigawa kwa idadi hiyo unapata nafasi kati ya tuta na tuta. Ukishakanyaga kanyaga huwezi kuhesabu tena.

Hatua ya 2: amua ni la kurundikwa au la kuchongwa

Hii ifanye kabla ya dira, kwa kila tuta, na uandike. Kwanza gusa. Kama ngumi ya glovu inaingia bila nguvu, hilo bado ni rundo. Kama kidole kimoja au penseli tu ndo inaingia, limeshagandamana. Pili angalia uso wa ukali wake, je, tabaka za ndani zinaonekana zimekatwa, mistari mistari kama kuta za korongo? Mistari iliyokatwa maana yake mchongo. Rundo halina mistari iliyokatwa, uso wake umeteleza na umejaa. Tatu tafuta kitu kinachoning'inia, rundo haliwezi kuning'inia kuelekea goshini.

Kuna ya katikati, barkani iliyoganda na imeanza kuliwa pua, yaani ile ncha ya goshini. Hizo andika "mchanganyiko" na uziache nje ya hesabu ya mwelekeo mpaka ujiridhishe. Usione aibu ya kuwa na mchanganyiko mwingi, ndo hali halisi ya uso ambao ulirundikwa juzi na kuchongwa jana.

Hatua ya 3: mwelekeo

Piga magoti demani ya tuta, mkiani, uangalie kuelekea puani. Usisimame puani ukaangalia mkiani, si kwamba ni dhambi, ila baada ya matuta ishirini kwenye baridi utasahau uliangalia upande gani. Ukiwa mkiani unaangalia pua, namba unayoisoma kwenye dira ni upande upepo ulikotokea, na wataalamu wa hali ya hewa wanaandika upepo kwa kule unakotoka, kwa hiyo namba zako zinalingana na za kwao bila kugeuza.

Koleo, simu, redio, vyote viweke mita kadhaa pembeni. Soma mara mbili, ukitofautiana kwa zaidi ya digrii 5 soma ya tatu.

Afu sahihisha. Dira inaonyesha kaskazini ya sumaku, na karibu na ncha tofauti na kaskazini ya kweli ni kubwa mno, si zile digrii mbili tatu ambazo ukiwa kwingine unazipuuza. Tofauti ikiwa ya mashariki unajumlisha, ya magharibi unatoa. Andika namba uliyoisoma na namba uliyoisahihisha kwenye safu mbili, usifute ya kwanza, maana mtu akigundua baadaye ulitumia masahihisho ya mwaka mwingine anaweza kurekebisha.

Karibu na ncha ya sumaku dira haifai kabisa. Hapo tumia GPS, lakini usisimame ukaiuliza unaelekea wapi, ukiwa umesimama inabahatisha. Chukua nukta mwanzo wa mstari mrefu unaofuata matuta, tembea mita 100 au zaidi sambamba nayo, chukua nukta ya pili, mwelekeo kati ya nukta hizo ndo wako. Njia nyingine ni jua na saa sahihi.

Na ukiwa karibu na Ncha ya Kusini yenyewe kaskazini ya kweli inakosa maana, kila upande ni kaskazini, ukisogea hatua chache namba zote zinageuka. Watu wa huko wanatumia kaskazini ya gridi, yaani kule meridiani ya Greenwich inakoelekea. Kwa Antaktika unachukua mwelekeo wa kweli unajumlisha longitudo ya mashariki, au unatoa ya magharibi, ikizidi 360 unatoa 360. Mfano uko longitudo 75 mashariki, tuta limeelekea 140 ya kweli, gridi ni 215. Andika kwenye kila ukurasa umetumia ipi. Kila ukurasa, sio jalada.

Hapa nichomekee kitu, maana ndo kiini cha hatua hii. Miaka ya 1820 mpelelezi wa Urusi Ferdinand von Wrangel alipita Siberia kwa sleji na akashangaa dereva wake anashika njia kwenye tundra, yaani uwanda wa baridi usio na miti, isiyo na alama yoyote kwa kukata matuta kwa pembe ile ile siku nzima. Kuna siku upepo wa kupita ulikuwa umefunika matuta ya kudumu kwa matuta yake, na dereva hakudanganyika, aliondoa theluji mpya kwa uangalifu, akatazama tuta la chini, akajirekebisha kwa pembe kati ya hayo mawili. Kwa Wainuit, wenyeji wa Aktiki, wa Igloolik, Nunavut, kaskazini mwa Kanada, kuna matuta magumu yenye umbo la ulimi wanayoyaita uqalurait, yanatengenezwa na upepo wa uangnaq unaotoka magharibi kaskazini-magharibi, na mwindaji anayajua hata kwa miguu, gizani au kwenye ukungu. Hawa wote hawakusoma tuta lolote tu. Walijua lipi la upepo wa kudumu na lipi la mgeni.

Kwa hiyo na wewe ukiona familia mbili za matuta zinakatana, usichukue wastani! Wastani wa upepo wa kutoka mashariki na upepo wa kutoka kusini ni upepo wa kusini-mashariki ambao haujawahi kuvuma. Zipe herufi, A na B, uzipime kando kando, na uangalie ipi imekata ipi. Iliyokatwa ndo ya zamani. Iliyopita juu bila kukatika ndo mpya.

Hatua ya 4: vipimo vya mwili

Kimo, kutoka uso wa kawaida unaozunguka mpaka kilele, sio kutoka kwenye kishimo kilichochimbwa mbele ya pua, hicho kishimo kipime peke yake. Urefu kutoka pua mpaka mkia unapopotea, na mkia unapotea taratibu kwa hiyo amua sheria, mfano pale kimo kinapobaki sentimita 2, na uifuate siku zote. Upana mahali penye upana zaidi. Pembe ya uso wa pua. Urefu wa sehemu inayoning'inia kama ipo. Mengi utakayopima yana kimo cha sentimita 10 mpaka 50. Hapa hakuna siri, ni uvumilivu tu.

Hatua ya 5: ugumu na uzito

Kwa ugumu kuna ngazi ya mkono ambayo haihitaji mashine. Unasukuma kwa nguvu ile ile ndogo na unaangalia kitu gani cha kwanza kinaingia: ngumi, vidole vinne, kidole kimoja, penseli, kisu. Pima kilele, pima ubavuni, na pima tabaka la chini ya ulimi. Utaona chini ni laini kuliko juu, na hiyo ndo sababu ulimi upo. Matuta yasiyo na tofauti ya tabaka huwa hayaning'inii.

Kwa uzito kata sampuli na kile kikombe cha sentimita 100, pima gramu, zidisha kwa 10 unapata kilo kwa mita ya ujazo. Gramu 41 ni kilo 410, na theluji iliyopigwa na upepo huwa inacheza kwenye 350 mpaka 450, ngumu sana inazidi hapo. Theluji mpya isiyoguswa na upepo inaweza kuwa 100 au chini yake. Ukipata 700 kikombe chako kimejaa kupita kiasi au mizani imeganda, rudia.

Kata sampuli mwisho kabisa, baada ya picha. Nimesema.

Hatua ya 6: picha

Jua la chini na la pembeni ndo rafiki yako, vivuli vinatoka virefu na kila mkunjo unaonekana. Mawingu yakifunika sawasawa vivuli vinapotea, mbingu na ardhi vinakuwa kitu kimoja, unaweza kujikwaa kwenye tuta la kiunoni hujaliona, na siku hiyo kamera haina kazi, pima ugumu ukalale. Kamera ikiachiwa yenyewe inafanya theluji iwe ya kijivu, ongeza mwanga kwa stopu (ngazi za mwanga za kamera) moja mpaka moja na nusu. Weka rula ndani ya picha, andika dira ya kule kamera ilikoangalia, na saa ya UTC, ile saa moja ya dunia nzima, maana kambi tofauti zina saa tofauti na huko mbele hutakumbuka.

Ukitaka umbo la pande zote, zunguka tuta ukipiga picha 40 au 60 zinazopishana kwa asilimia 70 au 80, ukiwa na rula mbili za urefu unaojulikana ndani ya fremu, programu itakujengea umbo lenyewe. Zunguka haraka, jua likihama vivuli vinahama na programu inachanganyikiwa. Ukirudi hemani tia kamera kwenye mfuko wa plastiki uufunge ukiwa bado nje, uache ipate joto humo humo, la sivyo unyevu unajaa ndani ya lenzi.

Hatua ya 7: rudi tena

Ziara moja inakupa umbo, ziara kadhaa ndo zinakupa upepo. Chomeka vijiti vinne kuzunguka matuta matatu, rudi kila siku au baada ya kila dhoruba, pima pua imerudi nyuma sentimita ngapi kutoka kwenye kijiti. Pua ya sastrugi inaliwa kuelekea demani. Kamera ya kupiga picha yenyewe kila dakika 10 ni bora zaidi kama una ya kuvumilia baridi, maana matuta mengi yanabadilika usiku wa dhoruba ambapo hakuna binadamu mwenye akili anayetoka nje.

Hatua ya 8: hesabu

Wastani wa pembe hauhesabiwi kama wastani wa bei. Una matuta manne: 350, 5, 10, 20. Ukijumlisha na kugawa kwa nne unapata 96, yaani mashariki, wakati yote manne yanaangalia kaskazini! Jibu sahihi ni kama 6. Njia ni kuchukua saini na kosaini (sin na cos za hesabu) ya kila pembe, utafute wastani wa saini na wastani wa kosaini kila mmoja peke yake, afu urudishe kwenye pembe kwa fomula ya kompyuta iitwayo ATAN2, ikija hasi ongeza 360. Angalizo, kwenye Excel ATAN2 inaanza na kosaini afu saini, kwenye lugha nyingi za programu ni kinyume chake, na hili limeshawalaza watu macho. Ukichukua kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya wastani hizo mbili unapata namba kati ya 0 na 1. Ikikaribia 1 matuta yamekubaliana, ikishuka sana una familia zaidi ya moja, rudi Hatua ya 3.

Kuna matuta ambayo unajua yamelala vipi lakini hujui pua iko wapi. Hayo yana mstari tu, hayana kichwa, 30 na 210 ni kitu kimoja. Zidisha kila pembe kwa mbili, fanya hesabu ile ile, gawa jibu kwa mbili. Na usiyachanganye na yenye pua.

Hatua ya 9: sasa ndo ulete upepo

Makusudi nimeuweka mwisho. Chukua rekodi za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, kama kipo, za wiki kadhaa nyuma, na utafute vipindi ambavyo upepo ulizidi kiwango cha kuchonga. Upepo dhaifu wa siku kumi hauna mchango, dhoruba moja ya masaa sita inaweza kuwa imefanya kazi yote, kwa hiyo ukichukua wastani wa upepo wa mwezi mzima ukaulinganisha na matuta utakuta haviendani na utadhani umekosea kupima. Angalia pia theluji ilidondoka lini mara ya mwisho, maana tuta haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko theluji yake.

Mwelekeo wako ukipishana na dhoruba kwa digrii 10 au 15 ni kawaida. Ukipishana kwa karibu 180 ulichanganya rundo na mchongo, fungua safu ya Hatua ya 2. Ukipishana kwa pembe ya ajabu ajabu ambayo haibadiliki kwa matuta yote, kagua masahihisho ya dira na kama ulichanganya kweli na gridi. Ukipishana tu kwa familia B, pengine hiyo B ni ya dhoruba ya zamani zaidi, vuta rekodi nyuma mwezi mwingine.

Data hizi zina wateja. Upepo ukivuma kukingama matuta unakwaruzwa zaidi kuliko ukifuatana nayo, na wanaotengeneza modeli za hewa ya Antaktika wanahitaji kujua matuta yana kimo gani na yamelala vipi. Wa setilaiti wanahitaji kwa sababu ya vivuli. Na rubani wa ndege ya ski, ile yenye mbao za kuteleza juu ya theluji, kabla hajatua mahali papya anapita chini kwanza kuangalia matuta, afu anajaribu kutua akifuatana nayo, hataki kuyakata. Ukimpa namba, mwambie ni ya lini.